Wageni wa Nusura

Jumatatu asubuhi Stara alifika kazini na chupa yake ya chai, akakuta benchi la korido limejaa watu waliolowa chapachapa. Mlinzi alikuwa ameshawapa vitambulisho vya wageni. Maji yaliwachuruzika nguoni, yakafuata mteremko wa vigae hadi mlangoni kwa mhasibu. Yalikuwa maji ya chumvi. Kutoka Dodoma hadi baharini ni safari ya kutwa kwa basi, lakini ofisi ya kuchunguza ajali za majini ilikuwa hapo Dodoma, kwa hiyo ndiko walikokuja.

"Wa boti ya Alhamisi," mlinzi alisema. "Wanaulizia kamati."

Boti ya Alhamisi haikuzama. Iliingia maji katikati ya mkondo, ikalala ubavu, abiria wakaanza kutoa shahada, kisha wimbi likaitupa juu ya fungu la mchanga. Wavuvi wakaja kuwashusha. Hakufa mtu, usiku huo kila mmoja alikula kwake. Hawa wa kwenye benchi walikuwa watu wale wale, ila kama ambavyo wangekuwa endapo fungu lile lingekuwa mbele kidogo na boti ikazama. Stara alishawapokea wa namna hiyo mara nyingi tangu aingie kwenye kamati. Aliwasalimu, akaenda kutafuta dekio.

Mwanamke wa mwisho kwenye benchi alimpisha apige deki chini ya miguu yake. Aliitwa Zaitun. Upepo wa Dodoma hukausha kanga kabla hujamaliza kuanika ya pili, lakini ya Zaitun iliendelea kudondosha maji.

"Mlijua boti ina tatizo?" Stara alimuuliza.

"Kila mtu alijua. Mabaharia walikuwa wakichota maji kwa ndoo tangu kabla ya Ramadhani. Kulikuwa na king'ora cha maji yakizidi. Kikawa kinalia kila safari, abiria wanaogopa, wakakikata waya."

Kikaoni, nahodha Makame alikaa mbele ya kamati akitetemeka kwa baridi ya asubuhi asiyoizoea. Alieleza kwamba pampu ilikufa zamani, naye akamwambia mwenye boti. Mwenye boti alimjibu kuwa kama anaogopa maji, wapo wengi wanaoutaka usukani. Mkaguzi alikuja, akanywa soda gatini, akaipitisha boti bila kushuka kwenye injini.

"Siku hiyo usukani alishika nani?" aliuliza mwenyekiti, mzee Mazengo.

"Mimi."

"Ahsante. Subiri nje."

Makame akatoka, akasimama koridoni. Waliolowa wakamsalimu kwa jina.

"Uzembe wa nahodha," Mazengo alisema. "Avuliwe leseni."

"Mzee, tukimvua leseni, pampu itapona?" Stara aliuliza. "Mwaka jana tulimfukuza nahodha wa boti hiyo hiyo kwa kosa hilo hilo."

"Mwanangu, pampu siwezi kuiita hapa ijitetee."

"Na mwenye boti?"

"Ana udhuru."

"Basi tuwasikilize wale walio nje."

Mazengo aliutazama mlango. Maji yalikuwa yanapenya chini yake, naye akainua miguu kidogo kuyakwepa, kama alivyozoea.

"Wale hawajafa, siwezi kuandika vifo. Na walio hai hawajalalamika. Nitaandika nini?"

Wajumbe wakatia saini. Stara alitia ya mwisho. Mjumbe aliyemtangulia kwenye kamati aliwahi kukataa kutia, akaondolewa, na kiti chake ndicho alichokalia yeye.

Alitoka na kumwomba Zaitun namba ya simu. Zaitun akamtajia. Stara akaenda dirishani, akapiga, na Zaitun wa huko pwani akapokea. Nyuma yake ilisikika injini na kelele za wapagazi.

"Mama, samahani, uko wapi?"

"Gatini. Tunapanda."

"Boti ipi?"

"Ile ile ya Alhamisi. Wameweka nahodha mpya."

"Pampu wametengeneza?"

"Ndoo nimeziona."

"Usipande, nakuomba."

"Binti yangu amelazwa ng'ambo, anajifungua. Chombo kingine hakuna. Wewe unapiga kutoka wapi?"

"Dodoma."

"Huko kuna bahari?"

"Hakuna."

"Basi tuombee," alisema, na simu ikakatika.

Stara alibaki na simu mkononi. Kwao Kondoa, mtu akisafiri huombewa dua hadi basi lipotee. Alijaribu kukumbuka ile ya safari ya baharini, haikumjia. Akarudi kwenye benchi. Zaitun aliyelowa alimwinulia macho.

"Amepanda?"

"Amepanda."

Zaitun alikamua ncha ya kanga yake, akasogea kumkaribia jirani yake, pembeni kukapatikana nafasi ya mtu mwingine kukaa.