Chakula cha Kubeba Kwenda Tororo

Ijumaa ya nne tangu mwaka wa pili uanze, pikipiki ilisimama mlangoni kwa Akiror, hapa Busia upande wa Uganda. Mjukuu wake Amoit akashuka na begi kama kawaida, ila safari hii alikuja na godoro pia.

"Godoro la nini?" Akiror aliuliza.

"Nimerudi, Tata." Ndivyo Wateso wanavyomwita bibi. "Chuo cha Tororo basi. Mwaka wa kwanza tulipokelewa, tukapewa wa kutuongoza, tukala meza moja. Sasa kila mtu ana wenzake. Mlangoni kwangu hakuna anayebisha hodi."

Akiror akashusha pumzi, akajaribu dawa aliyoizoea. "Kitendawili."

"Tega," Amoit akasema bila hamu.

"Kila nikiingia nampa mkono, hajaniitikia hata siku moja."

"Sijui."

"Basi nipe mji."

"Chukua Tororo. Mimi siitaki."

"Ni kitasa cha mlango." Bibi alitaka kucheka, ila hasira ikamzidi. Mtoto amebakiza mwaka mmoja awe mwalimu, arudi hapa kufanya nini?

"Hao wenzako wanakutana wapi?"

"Jikoni. Mwaka wa pili tunajipikia. Wanachanga vyakula, wanapika sufuria moja."

"Na wewe?"

"Mimi si nina chakula chako? Napasha, nakula chumbani."

Akiror akatazama makopo matano mezani, mchuzi wa njugu na samaki alioamka alfajiri kumpikia. Wiki nne amekuwa akiyajaza hivyo. Akajiona mjinga, na hilo likamuudhi kuliko godoro.

Jumapili akafunga mfuko mzima wa unga wa wimbi na muhogo, samaki wakavu, na mwiko mrefu. Kopo, hakuna hata moja.

"Tata, hivi vyote vibichi."

"Nimeona."

"Na unga huu ni wa watu kumi."

"Basi tafuta tisa. Panda pikipiki na godoro lako."

Amoit akaondoka amenuna, bila kuaga vizuri.

Jumanne jioni simu ikalia. "Tata, ugali umenishinda. Unakuwa maji tu."

Kabla Akiror hajajibu, sauti ya msichana mwingine ikadakia: "Mwambie bibi tumeomba ugali, ametuletea mpishi wa uji."

"Huyo ni Lillian, usimsikize," Amoit akasema, naye anacheka. "Wee, rudisha mwiko, ni wa bibi yangu."

"Kwanza punguza moto," Akiror akaanza, "halafu unga usimwage wote mara moja..."

Simu ilikuwa imeshakatwa. Vitoto hivi, hata kungoja maelezo haviwezi.