Jiwe la Mama Rosa Kiden

Ijulikane kwanza kwamba hakuna aliyemwomba Yakani awe msimamizi wa maonyesho. Alijiteua mwenyewe, mbele ya bweni zima, akiwa amejifunga shuka kama joho la askofu. Mwaka huo wa 1994 shule yao ya bweni mjini Arua ilikuwa inatimiza miaka ishirini, na Mwalimu Okuonzi wa sanaa alitaka vitu vya zamani vya West Nile, eneo lao la kaskazini mwa Uganda, vipangwe ukumbini. Aliahidi kwamba msimamizi akifanya kazi vizuri, wakati wa likizo atapelekwa kujifunza katika jumba la makumbusho huko Kampala. Yakani alikwisha kujiona huko, amevaa tai, akiwakataza watu wazima kugusa vitu.

Akaenda kwao Koboko kukusanya. Alipata chungu, upinde na kigoda. Kwa Mama Rosa Kiden, mkimbizi kutoka Yei, Sudan, aliyepanga chumba jirani na kwao, alipata jiwe la kusagia, limelika katikati mpaka likawa kama sahani. Mama Rosa alimkabidhi kwa mikono miwili, akaanza kumweleza habari zake, lakini lori la tumbaku la kumrudisha Arua lilikuwa linapiga honi.

"Utanieleza siku nyingine, mama," alisema msimamizi.

Hivyo siku ya kuandika kadi, jiwe halikuwa na habari. Yakani alifikiri kwa kitambo, kwa uzito wote wa cheo chake, kisha akaandika: *Jiwe la Amani ya Nyumba. Karne ya kumi na nne. Wanawake wakali walilitumia kuwatuliza waume waliochelewa kurudi. Usiliguse kama umeoa.* Bweni lilicheka mpaka kengele ya kulala.

Siku ya maonyesho wageni nao walicheka. Walikuwa wamelizunguka jiwe, lililokuwa na meza yake peke yake, Mama Rosa alipoingia, amevaa kitenge chake cha kanisani. Hakuna aliyemwalika, alipanda gari na wazazi wa Koboko. Hakujua kusoma.

"Mtoto, hii karatasi nasema nini?"

"Inasema ni jiwe la kusagia, mama. La Mama Rosa Kiden wa Yei."

"Iko jina yangu?"

"Lipo."

Mama aliitazama kadi, kisha akawatazama watu. "Kama iko jina yangu tu, hawa nacheka nini?"

Yakani, ambaye hakuwahi kukosa jibu hata mbele ya mkuu wa shule, aliinyoosha kadi iliyokuwa imenyooka tayari. Nyuma yake mtu alikohoa.

"Mimi nilitaka kuambia wewe siku ile," alisema mama taratibu. "Mwaka sabini na tisa vita ilifukuza nyinyi hapa, mkakuja Yei kwa sisi. Wewe ulikuwa mtoto ya mgongo. Mama yako Sitti hakuwa na kitu. Mama yangu alipa yeye hii jiwe, akasaga uji yako mwaka mzima. Sasa vita ilifukuza mimi, nikabeba kwa kichwa mpaka Koboko. Ndiyo nilitaka watu wajue. Sasa soma. Soma vile iko."

Akasoma. Sauti iliyozoea kuhubiri bwenini ilitoka nyembamba, na alipofika kwenye waume waliochelewa hakuna aliyecheka. Mume wa Mama Rosa alibaki Yei, kaburini.

Mama hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Alilisukuma jiwe taratibu mpaka ukingoni mwa meza, akaliinua, akaliweka kichwani, akatoka.

Yakani alimfuata hatua tatu. Mwalimu Okuonzi akamzuia.

"Unakwenda wapi, msimamizi?"

"Hapa hakuna kitu tena, mwalimu."

"Kadi ipo. Wageni wanakuja. Simama uwaeleze." Kuhusu Kampala hakusema neno, na Yakani hakuthubutu kuuliza.

Akasimama kando ya meza tupu. Mzee mmoja wa Pajulu, kando ya mji, aliisoma kadi, akatafuta jiwe kwa macho.

"Palikuwa na jiwe la Mama Rosa Kiden," alisema Yakani. "Limesaga uji wangu nikiwa mkimbizi. Mimi nimelifanyia mzaha, naye amelichukua."

"Kadi umeandika wewe?"

"Ni mimi, mzee."

Aliyasema hayo zaidi ya mara thelathini, na ya thelathini haikuwa rahisi kuliko ya kwanza. Jua likielekea kuzama alimwona mama yake, Sitti, akiingia mlangoni na watu wa gari la mwisho kutoka Koboko, bado anacheka na wenzake wa safari. Alikuja moja kwa moja mezani, akauliza jiwe liko wapi.

Yakani akaanza tena, tangu honi ya lori.