Ala ya Gobori la Feza

Watu wa mbali husema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Huku kijijini Wamaza mzigo mzito hupewa mwanamke, na wala hatujajisumbua kutunga methali. Basi Feza alipotoka msituni baada ya miaka minne, alirudi kama wanawake wote wanavyorudi, na mzigo mgongoni. Ila safari hii hakubeba mihogo wala kuni. Alibeba gobori refu kuliko yeye mwenyewe.

Baba yake, Iliasi, fundi wa ngozi, alikuwa barazani akishona ndala ya jirani. Alilia, akacheka, akalia tena, kisha akachoka. Wapiganaji walimchukua mtoto huyu shambani akiwa na miaka kumi na tisa, na tangu siku ile mzee alikuwa akilala bila kupumzika. Sasa mtoto karudi, na usingizi bado umekataa.

Gobori lenyewe lilikuwa dude. Mhunzi mmoja huko msituni alilifua kwa bomba la usukani wa lori, akalitia kitako kipana mfano wa mchi wa kutwangia sombe, majani ya mihogo. Bunduki za kawaida watu hawazijui kwa sura. Hili lilijulikana hadi Kabambare.

Kesho yake chifu alikuja, akakaa, akakataa hata maji. Alisema mjini Kasongo wanakusanya silaha. Mpiganaji anayepeleka bunduki anaandikwa na kupewa karatasi, na orodha inafungwa Ijumaa. Bila karatasi Feza hawezi kukaa kijijini, kwa sababu wanajeshi wakimkuta watasema kijiji kizima ni waasi.

"Mukuje na karatasi," alisema, "ao musikuje."

Ilikuwa Jumapili. Kwenda Kasongo ni siku mbili kwa miguu, na njiani kuna bariera tatu, vizuizi vya wanajeshi. Iliasi aliliangalia gobori kama fundi anavyouangalia mguu mbovu ulioletewa kiatu. Ukilifunga ndani ya mkeka, watasema umelificha, na anayeficha bunduki hupigwa kwanza. Ukilitundika begani kama mwindaji, mkono uko karibu na kifyatulio, na mwanajeshi mwenye njaa hangoji kuuliza. Lazima lionekane, na lazima kila mtu aone kwamba haliwezi kupiga.

"Nitalibeba kama mihogo," Feza alisema. Akapitisha mkanda wa kikapu kwenye paji la uso, akaushika kwa mikono miwili karibu na masikio. "Mutu mwenye anaona mikono yangu huku juu, ataogopa nini?"

Iliasi alimtazama. Miaka arobaini anashona ala za mapanga na visu, zote za kiunoni, zote za wanaume wanaotaka kuchomoa upesi. Hakuwahi kuombwa ala ya kutochomoa.

Alikuwa na ngozi moja nzuri ya ng'ombe, aliyoiweka kwa ngoma ya maulidi. Aliiloweka, akaomba radhi, akaanza kukata. Likisimama wima, gobori lilimgonga Feza visigino. Likilala, lingenasa majani ya pande zote mbili za njia. Ikabidi liende mshazari, kitako kwenye nyonga ya kulia, mdomo juu ya bega la kushoto. Kwa hiyo mkia mmoja wa mkanda aliuongeza shibiri nzima kupita mwenzake ili uzito usimvute shingo. Mara nne Feza alijitwika, mara nne Iliasi alifumua. Penye kifyatulio alitaka kushona ngozi pande zote, bila kifungo wala tundu la kidole. Atakayelitaka gobori akate uzi.

Ukabaki mdomo. Alitaka kuuziba kwa kigingi kilichovikwa ngozi, watu wakione kwa mbali. Akaingiza unyasi ndani ya bomba ajue urefu wa kigingi. Kwa nje, kutoka mdomoni hadi penye fataki, bomba lilikuwa shibiri sita na nusu. Kwa ndani unyasi uligota kwenye shibiri ya sita. Akapima tena. Iliasi hakuwa mwindaji, lakini nusu shibiri haipotei ndani ya chuma.

"Feza. Iko kitu ndani."

Binti alikuwa akimenya ndizi. Mkono ulisimama.

"Sijue, Baba. Mimi nilikuwa nabeba tu. Wanaume njo walikuwa wanapiga."

"Basi usiliguse. Nikitoka kusali tutaona."

Aliporudi kutoka kusali alasiri, kazi ilikuwa imeisha. Feza alikuwa amemwaga maji ndani ya bomba, akafunga skurubu kwenye ncha ya fimbo, akavuta matambara, misumari na baruti iliyolowa, akavipanga vyote juu ya jani la mgomba kwa utaratibu. Iliasi aliona jinsi vilivyopangwa. Akaona pia kwamba hakuna msumari hata mmoja ulioanguka chini. Angeweza kuuliza mbeba mzigo tu alijifunzia wapi. Lakini kuuliza nako ni kazi, na mzee alikuwa na ngozi ya kumaliza kabla haijakauka. Akashika msharasi wa kutobolea ngozi, akashona.

Waliondoka Jumatano alfajiri, Iliasi mbele na fimbo yake, Feza nyuma na dude lake. Kwenye bariera ya kwanza wanajeshi waliinua bunduki, wakaona mikono, wakaona kigingi, wakashusha. Kwenye ya pili walicheka hadi wakakaa chini. Kwenye ya tatu kamanda alizunguka ala mara mbili, akaipapasa mishono, akasema huyu fundi ni fundi. Magoti ya Iliasi yalikuwa yanawaka moto, lakini moyo wake ulifurahi, nisiseme uongo.

Kasongo walifika Alhamisi jioni, na asubuhi ya Ijumaa walikuwa mbele ya meza ya karani, kijana mmoja safi aitwaye Yves. Yves alimtazama Iliasi, aliyekuwa amekaa kwenye benchi.

"Jina, mzee?"

"Si mimi. Ni mutoto wangu."

Kalamu ikarudi mezani. "Mama, pole. Wapishi na wenye kubeba mizigo hatuandike. Tunaandika tu wenye walipiga. Hiyo njo amri."

"Bunduki si hii hapa?" Iliasi alisema. "Ametembea nayo kutoka Wamaza!"

"Kutembea si kupiga, mzee."

Feza alikuwa bado ameshika mkanda. Aliugeuza uso kwa baba yake.

"Baba, enda unitafutie maji ya kunywa."

"Magoti yananiuma. Sema tu, mimi niko hapa."

Alingoja kidogo, labda baba atainuka. Baba hakuinuka. Basi akaushusha mzigo, akavuta blauzi, akaonyesha bega la kulia. Ngozi ilikuwa nyeusi na ngumu, imepasuka na kupona mara nyingi, pana sawasawa na kitako cha gobori.

"Mwenye nguvu ya kulishika alikufa," alisema. "Wakanipa mimi. Mwaka mumoja na nusu. Risasi nyingi zilipita juu. Mbili zilipata watu."

Yves aliandika. Aliuliza jina, kijiji, mwaka wa kuzaliwa, na yote Feza aliyajibu kwa sauti ileile. Iliasi akaitwa akate uzi. Kisu kiliteleza mara mbili kwa sababu mishono ilikuwa imekazwa vizuri. Gobori likaondoka na askari wawili, Feza akapewa karatasi yenye muhuri, na ala tupu akarudishiwa mzee.

Walitembea hadi nyuma ya soko. Iliasi alikuwa akifikiria watu wawili asiowajua, kama nao walikuwa na baba.

"Kama ningekuambia mbele, tukiwa nyumbani," Feza aliuliza, "ungenishonea?"

Iliasi alitafuta uongo, hata mdogo tu wa kumpa mtoto. Alikuwa amechoka mno, hakuupata.

"Hapana," alisema.

Feza aliitikia kwa kichwa. Akaikunja karatasi yake, akaitia kifuani, kisha akamshika baba yake mkono kwa sababu mzee hakuweza kutembea vizuri, na Iliasi akauacha mkono wake pale uliposhikwa.