Kilio cha Dastan Kalinga

Kwetu Ipogolo, anayekuja msibani huanza kulia akiwa bado barabarani, ili wafiwa wajue mwenzao amefika. Ukiingia kimya utasemwa mpaka arobaini. Kwa hiyo alipofariki shoga yangu Tekla, tulikuwa jikoni tunamenya viazi, masikio yote barabarani, tukimngoja kaka yake.

Dastan Kalinga humjui? Basi huna televisheni. Alianzia kwenye maigizo ya parokia, akapanda majukwaa ya Iringa nzima, zikaja filamu, na sasa uzeeni ni tamthilia, anaishi Soweto kule Mbeya. Tekla alipougua, binti yake Sabina alimpigia simu hadi akachoka. Jibu lilikuwa lile lile: "Namalizia kurekodi, nakuja." Mimi nilikasirika, na hasira hiyo ninayo mpaka leo.

Basi akashuka kwenye basi, akaanza. Lo! Mtaa mzima ulisikia. Lakini kilio kile tulikijua: kinapopanda, kinapokatika, mkono kifuani. Ni cha kwenye tamthilia. Esnath, mama wa watu asiyekosa hata sehemu moja, akajisahau, akapiga makofi. Wawili watatu wakamfuata.

Dastan akasimama uani, akainama kuwashukuru.

Mazoea yana taabu. Alipoinua kichwa akaliona jeneza sebuleni, mlango ukiwa wazi, uso ukamshuka. Alikuja jikoni moja kwa moja, akachuchumaa mbele ya Sabina.

"Nisamehe, mama. Nimeinama kabla sijajua ninachofanya. Lakini kosa kubwa ni kutokuja. Aliniulizia?"

Sabina hakuacha kumenya.

"Jumapili ulikuwa kwenye tivii, mjomba. Umekaa kitandani kwa mgonjwa, unamlisha uji. Mama macho yalishafifia. Akasema, 'Kumbe kaka amekuja.'"

"Mkamwambiaje?"

"Tungemwambiaje? Tulimwacha aamini hivyo. Akalala ametulia, hakuamka tena. Nenda ndani ukamuage. Kwake yeye, wewe ulishafika."

Nilimwona anakwenda hadi mlangoni. Akashika mwimo wa mlango, akashindwa kuvuka kizingiti. Watu walimsihi, padri akamshika mkono, lakini alitikisa kichwa tu. Tekla tulimzika huku kaka yake akiwa bado amekaa pale nje, chini, mgongo ukutani.