Kikao cha Kuupatanisha Ulimwengu

67.
Galaksi zinakimbiana. Dk. Nasikiwa Mbwambo amepima kasi hiyo miaka tisa, kwa nyota zinazolipuka. Jibu: 73, yaani kilomita kwa sekunde kwa kila kipande cha umbali kiitwacho megaparseki. Mwenzake, Dk. Gwakisa, amepima kwa mwanga mkongwe kuliko wote. Jibu: 67.

Wamerudia hesabu hadi macho yamewatoka. Hakuna aliyekosea. Basi huko juu kuna kitu hatukijui, na Nasikiwa anakipenda kitu hicho kuliko jibu lake mwenyewe.

68.
(Koridoni, idara ya fizikia.)
"Hawa wana ugomvi gani?"
"Sita tu."
"Sita! Si wakae chini wayamalize?"

69.
MUHTASARI WA KIKAO CHA USULUHISHI
Mwenyekiti, Prof. Kalumuna, aliwasihi wahusika walegeze misimamo. Dk. Gwakisa aliridhia kupanda tatu. Dk. Mbwambo aliombwa ashuke tatu. Alicheka. (Ifutwe.)
AZIMIO: Ulimwengu unapanuka kwa 70. Dk. Mbwambo atausomea umma. Asiyeafiki atakabidhi funguo za darubini.

70.
KARIBU MGENI RASMI
TUMEUPIMA ULIMWENGU

7          0

71.
"Mwanangu, bango limeshachapwa."
"Profesa, hiyo sabini hakuna aliyeipima."
"Ndiyo maana haina ugomvi."

Akachukua karatasi iliyokuwa karibu, akajifutia mafuta ya sambusa vidoleni. Ilikuwa grafu yake Nasikiwa. Miaka tisa, na juu yake alama ya dole gumba, inang'aa.

Kinyaa.

Na wewe msomaji, usikunje uso. Vikao vya namna hiyo umeshakaa, na sambusa ukala.

72.
Gwakisa alimvutia pembeni, nyuma ya viti vya plastiki.
"Dada, sema sabini turudi kazini."
"Na sitini na saba yako?"
"Nitaiweka kwenye kiambatisho."
Profesa alimchefua. Huyu alimtapisha kabisa, kwa sababu huyu alikuwa anajua.

73.
Maiki inakoroma. Mgeni rasmi ameshakaa, bango liko juu ya kichwa chake. "Makofi kwa daktari wetu!"

Nasikiwa anasimama. Anatoa funguo za darubini mfukoni, anaziweka mezani mbele ya Profesa, taratibu, kama mtu anayerudisha sahani chafu. Profesa anaacha kutabasamu.

"Ndugu mgeni rasmi, ulimwengu unapanuka kwa kasi ya sabini na..."