Pindo la Vidole Vinne

Jumamosi asubuhi Agustina alikuja kwenye kibanda chao cha cherehani, pale Nyamwaga, na sketi ya shule ndani ya mfuko. Ilikuwa imepanda juu ya magoti, na Jumatatu alitakiwa avae inayofunika. Modesta, mama yake mdogo, alikuwa ameshamwekea kitambaa kipya kutoka Sirari. Angeshona nyingine kabla ugali haujaiva.

"Sitaki mpya, mama mdogo," msichana alisema. "Hii alishona mama."

Modesta akaipokea sketi. Dada yake, Waisiko, mama wa Agustina, alikuwa na miezi saba kaburini, nyuma ya migomba.

Walishona pamoja miaka tisa, cherehani mbili zikitazamana, na haikupita siku bila kutibuana. Modesta alikata na kushona papo hapo. Waisiko alipima mara mbili, akapiga bandi, ile mishono ya muda, kwa mkono, ndipo akakanyaga cherehani. Tena kila sare ya mtoto aliiachia ndani pindo la vidole vinne. Modesta alimtania kwamba anawashonea wanafunzi magunia.

"Na wewe unawashonea maiti," Waisiko alimjibu. "Hao ndio hawarefuki."

Alipoanza kuugua, sketi nyingi zilibaki kapuni bila kukunjwa pindo. Modesta alizimaliza kwa siku mbili. Ili zikae nyepesi, alizipunguza zote kwa mkasi, akabakiza kidole kimoja. Waisiko alikuwa amelala kwenye mkeka pale pale, akitazama vipande vikianguka. Na sketi ya Agustina ilikuwa ndani ya kapu lile.

Modesta aliiweka mapajani, akaogopa kuigeuza. Kidole kimoja kisingetosha kuiteremsha; angemwambia nini mtoto huyu?

Mwishowe akaigeuza. Pindo lilikuwa nene. Halikushonwa kwa cherehani; lilishonwa kwa mkono, mishono midogo midogo iliyoanza imenyooka, kisha ikayumba, kisha ikanyooka tena, kama ya mtu anayepumzika katikati. Alipima kwa vidole. Vinne.

Kumbe Waisiko aliitoa kapuni kimya kimya kabla mkasi haujaifikia, akaimalizia akiwa amelala mkekani.

Modesta alichukua wembe, akakata fundo tu, akafumua mshono mmoja mmoja, na uzi uliotoka mzima akauweka kwenye kiganja cha kushoto. Kitambaa cha ndani kilikuwa bado na buluu ya siku ya kwanza. Aliteremsha vidole viwili, viwili akaviacha vya mwakani. Akapima. Akapima tena. Kisha akatafuta sindano ya mkono.

Agustina alimtazama, akacheka kidogo. "Leo unapiga bandi?"

"Kaa utulie," Modesta alisema. "Mama yako hakuwa na haraka."

Alinyoosha ule uzi uliofumuliwa, akautunga kwenye sindano, akaanza.

"Asante, dada," alisema kwa Kikurya, taratibu, akiinamia pindo.