Sauti ni Yake, Masikio ni Yangu

Fundi wa televisheni aliniambia mashine yangu ya kurekodi diski imekufa. Nikamuuliza maiti ameiona saa ngapi, maana hata kuifungua hakuifungua. Aliichomeka tu kwenye umeme, akatia diski mpya, ikazunguka weee, kisha maandishi yakatokea: imeshindwa kurekodi. Akajifuta mikono kama mtu aliyefanya kazi.

"Mama, hizi hazitengenezwi tena. Tupa."

Nikaikumbatia mashine yangu nikatoka. Kutupa nako ni ufundi? Kutupa hata mimi naweza. Miaka thelathini nashona nguo za watu, cherehani yangu imeshatangaziwa kifo mara nne, na mpaka leo inashona.

Nilikuwa na sababu ya kukasirika. Mume wangu alikuwa mshereheshaji wa harusi, mtu wa kipaza sauti, akifungua kinywa ukumbi mzima ni wake. Mwaka jana madaktari walimtoa uvimbe kooni, sauti ikaenda nao. Yuko hai, namshukuru Mungu. Lakini nyumba imenyamaza, na yeye anaongea kwa daftari na kalamu. Sauti yake imebaki mahali pamoja tu duniani, kwenye kanda ya video ya harusi ya mdogo wangu. Nayo deki yetu imeanza kutafuna kanda. Nilijua hiyo itacheza mara moja tu, mbili haifiki. Ilikuwa lazima ihamie kwenye diski, na mashine pekee ya kuihamisha ndiyo hiyo iliyogoma.

Mwenyewe hakutaka. Wiki moja baadaye, asubuhi, nilipoiweka mashine mezani aliandika: Acha. Sauti ni yangu, imekwisha.

"Sauti ni yako," nikamwambia, "masikio ni yangu."

Akanuna. Nikamwacha anune, nikachukua bisibisi.

Kwanza niliondoa kitambaa cha kufuma. Kwangu hakuna chombo kinachokaa uchi: televisheni ina chake, redio ina chake, hata jokofu lina chake. Hiki nilikifuma miezi miwili kwa uzi wa waridi, kina pindo refu linaloning'inia mpaka kwenye matundu ya hewa, na kila mgeni alikisifia. Kisha nikafungua kifuniko. Nyuzinyuzi za waridi zilijaa kila pembe. Hata kile kijicho cha kioo kinachotoa mwanga wa kuandika kwenye diski kilikuwa kimefunikwa na vumbi la waridi. Ndiyo maana diski za zamani ilizisoma kwa kubahatisha, lakini kuandika kunataka mwanga wenye nguvu, na mwanga haukupita. Kikulacho ki nguoni mwako. Wiki nzima namtukana fundi wa watu moyoni, kumbe muuaji ni mimi na sindano yangu.

Nikahisi mtu nyuma yangu. Mume wangu alikuwa anachungulia, mabega yanatikisika. Alicheka bila sauti mpaka machozi yakamtoka, akachukua daftari akaandika kwa herufi kubwa: WARIDI. Nikamwambia mwenye muda wa kucheka ana muda wa kushika tochi. Akashika.

Nilisafisha kwa brashi ya cherehani, halafu pamba yenye tone la spiriti, taratibu, kama natoa mchanga jichoni mwa mtoto. Tukajaribu kurekodi taarifa ya habari, dakika mbili. Tulipoirudisha, msomaji alikuwemo ndani, na tai yake. Kitambaa nikakitia kwenye kapu la matambara. Cha kutupwa kilikuwa hicho.

Ikabaki ile nafasi moja. Nikamuuliza mume wangu kama anataka kutoka chumbani. Akavuta kiti, akakaa.

Kanda ikaanza. Mistari ilipita, ukumbi ukatokea, na sauti yake ikajaa chumba, nzito, yenye majigambo, ile ile. Nilishindwa kumtazama. Macho yangu yalibaki kwenye taa nyekundu ya kurekodi, na nilikuwa nalia waziwazi.

"Kabla sijaendelea," yule wa kwenye kanda akasema, "aliyeshona gauni hili yuko wapi? Fundi wangu, simama watu wakuone."

Kamera ilinitafuta, haikunipata. Siku ile niliona haya, nikajificha jikoni. Aliniita mara tatu mbele ya watu mia mbili, sikuitika. Hakuwahi kuniuliza kwa nini.

"Fundi wangu, uko wapi?"

Nikasimama katikati ya chumba, na bisibisi yangu mkononi.

"Niko hapa," nikamjibu, kwa sauti ambayo hata jirani aliisikia.

Dakika chache baadaye deki ikaitafuna kanda, ikakatika. Ikatike. Nikabonyeza kitufe cha kusimamisha, tukangoja mashine ifunge diski, maana isipofungwa haichezi. Ikafunga. Mume wangu akanishika mkono, akanikalisha karibu naye, akavuta daftari. Chini ya lile neno lake la asubuhi, Acha, na lile la WARIDI, akaandika lingine.

Irudie.